Nyuma ya mlima mnaouona dirishani

Jumapili, saa tano na nusu usiku.

Mie nimerudi jioni hii kutoka nyumbani, viatu vimejaa vumbi la Ngarenanyuki, na kesho saa mbili asubuhi nina kipindi. Ila nikilala bila kuandika hii najua nitasahau nusu, kwa hiyo nivumilieni.

Ilianza wiki mbili zilizopita, siku ya picha ya darasa. Mpiga picha akasema "chekeni basi", wote wakacheka, mie nikafunga mdomo kama mtu aliyenyweshwa mwarobaini. Tulipomaliza dada mmoja akaniuliza, kwa upole kabisa lakini mbele za watu, eti navuta sigara? Sivuti na sijawahi. Meno yangu ni ya kahawia kwa sababu nimekulia nyuma ya Mlima Meru, basi. Lakini mnajua nilijibuje? Nikasema "kidogo kidogo". Yaani nilikubali sigara ambazo sijavuta kuliko kutaja kwetu!

Mwenzangu wa chumba, huyu tunayemwita Mzee wa Korosho kwa sababu ya Mtwara yake, alisikia. Usiku akanibana: "Sasa ulidanganya nini?" Nikamweleza. Akasema, "Basi Jumamosi twende kwenu nikaone hayo maji."

Kabla sijaendelea, somo fupi. Wengi wenu mkisikia Arusha mnawaza Mnara wa Saa, Soko Kuu na magari ya watalii. Kwetu ni Halmashauri ya Meru, makao yake Usa River. Na sisi si wale Wameru wa Kenya, tafadhali, hilo nimelijibu tangu mwaka wa kwanza. Kimeru chetu ni ndugu wa Kichaga. Majirani zetu Waarusha, tunaogawana nao mlima, wao wanaongea Kimaa. Ukikutana na Kaaya, Mbise, Pallangyo, Nnko au Akyoo hapa chuoni, ujue huyo ni wa huko.

Upande huu wa kusini mnaouona ndo wa neema: Akeri, Poli, Nkoaranga, Tengeru, kahawa chini ya migomba, maji kwenye mifereji. Sie tuko kaskazini mashariki. Mlima una mita 4,566 na mvua nyingi inaishia upande huu. Halafu maelfu ya miaka iliyopita ubavu wa mashariki wa mlima uliporomoka wote, ndo maana ukiutazama kutoka kwetu unaona shimo kubwa lenye umbo la kiatu cha farasi. Mara ya mwisho ulitoa majivu kidogo mwaka 1910. Miamba hiyo ya volkano ina madini ya floraidi, maji yanapita humo yanayabeba, na mtoto akiyanywa wakati meno yake yanajijenga ndani ya ufizi, yanatoka na madoa. Ukipiga mswaki mpaka ukome hayatoki. Shirika la Afya Duniani linashauri yasizidi miligramu 1.5 kwa lita. Huku kwetu kuna vyanzo vinavyopita hapo mbali sana. Ongeza na magadi tunayopikia makande, nayo yana floraidi. Ikizidi sana inaingia hadi kwenye mifupa.

Turudi safarini. Tulipanda Noah pale Usa River, watu kumi na kitu na kuku watatu. Njia inapita ndani ya Hifadhi ya Arusha, kwa hiyo Mzee wa Korosho akapata utalii wa bure: twiga, pundamilia, nyati mmoja mwenye hasira. Akawa anapiga kelele mpaka mama mmoja akamwambia, "Mwanangu, hao ndo wanaokula mahindi yetu." Gari zima likacheka.

Nyumbani tukamkuta bibi amekaa nje anachambua maharage. "Shikamoo bibi." "Marahaba wajukuu zangu." Tulipokwisha kula loshoro, huyu rafiki yangu asiye na breki akauliza: "Bibi, samahani, haya maji yanaharibu meno na mnajua. Kwa nini mnakaa hapa?"

Nilitaka ardhi ipasuke tena. Bibi akaweka ungo chini.

Akasema alikuwa na miaka kama saba walipofukuzwa. Ilikuwa Novemba 1951. Serikali ya Kiingereza iliamua eneo la Engare Nanyuki wapewe walowezi wa Kizungu wafuge ng'ombe. Wameru kama 3,000 wakaondolewa kwa nguvu, nyumba zikabomolewa na kuchomwa moto, wakaambiwa waende King'ori. Fidia walikataa. Bibi anakumbuka moshi, na mama yake akirudi mbio kuchukua chungu. Kule King'ori, anasema, ng'ombe wa baba yake walikufa mmoja mmoja.

Yanayofuata nilishayasoma shuleni, ila sikuwahi kuyaunganisha na bibi yangu. Tanganyika ilikuwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, kwa hiyo wananchi walikuwa na haki ya kulalamika huko. Wameru wakachanga pesa, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akasafiri mpaka New York, akisaidiana na mwanasheria Earle Seaton, kuwasemea mbele ya Umoja wa Mataifa. Miaka mitatu kabla Nyerere hajaenda kusimama huko, 1955! Kwenye Baraza Kuu kura hazikutosha kuamuru ardhi irudishwe. Lakini habari ilishasambaa, na TANU ilipozaliwa 1954, kesi ya Wameru ilikuwa tayari mdomoni mwa watu. Bibi alirudi miaka mingi baadaye, akiwa mke wa mtu.

"Sasa wewe wa Mtwara," akamwambia, "sisi hatukufukuzwa na maji. Maji yakiwa mabaya unachuja. Ardhi ukinyang'anywa, utachuja nini?"

Akacheka mdomo wazi, meno yake machache ya kahawia yote nje, wala hakuweka mkono mdomoni kama mimi ninavyofanya kila siku.

Halafu akatuonyesha pipa la maji ya mvua lenye kufuli. Hayo ni ya mtoto wa dada yangu, ana miaka miwili, na mtu mwingine akiyagusa ni kesi. Ipo pia njia ya kuchuja kwa mifupa ya ng'ombe iliyochomwa, inayofanyiwa utafiti pale kituo cha Ngurdoto, na baba anaulizia bei. Nyanya na vitunguu vikikubali msimu huu tutanunua. Bibi anataka huyo mtoto abaki na shamba, ila meno awe na mengine.

Njiani kurudi Mzee wa Korosho alikaa kimya mpaka geti la hifadhi. Kisha akasema tu, "Halafu wewe ukasema unavuta."

Sikuwa na jibu. Aibu yangu kumbe niliielekeza siko. Wazee walichanga shilingi mtu akataje jina la Engare Nanyuki New York, mie nimeshindwa kulitaja kwenye picha ya darasa.

Basi dada uliyeniuliza, najua unasoma hapa. Sivuti sigara. Natoka Ngarenanyuki. Kesho nikikuona nitakuambia mwenyewe.

Usiku mwema, na mwenye notsi za Alhamisi anigawie.