Vitofali vya Gikomba, Sanduku la Kamukunji

Ukifika Gikomba, soko la mitumba la Nairobi, alfajiri utakuta marobota yanafunguliwa na wanunuzi wamekwisha kuyazunguka. Vitu vya kwanza, vile visivyo na doa, huitwa kamera, navyo havikai. Huondoka dakika ile ile kwenda madukani. Vinavyobaki hadi jioni, vya kumwagwa chini na kuuzwa kwa bei ya kutupa, ni fagia. Vitofali vya Lego haviko katika daraja lolote kati ya haya mawili. Vinakaa chini kabisa ya gunia la vichezeo, pamoja na mikono ya wanasesere, magari yaliyopoteza magurudumu, vifuniko vya kalamu na funguo za milango iliyobaki Ulaya. Mama aliyekuwa akiviuza hakuvihesabu. Alinipimia kwa gorogoro, kama mahindi.

“Mzee, unamnunulia mtoto?”

“Vyangu mwenyewe.”

Alinitazama, akachota konzi moja zaidi akaimwaga juu. “Haya, na hivi ni vya mtoto.”

Kwetu Mombasa, sokoni Kongowea, vichezeo vya mitumba vipo, lakini nilivyoviona mimi huuzwa vizima: gari zima, mdoli mzima. Kipande kimoja hakina mwenyewe. Gikomba hata kipande kina mteja wake, na hiyo ndiyo tofauti ya kwanza niliyoiandika daftarini.

Kuchambua ni kazi ya kidole kuliko jicho. Lego halisi ina jina lake juu ya kila kinundu, herufi ndogo mno ambazo ukucha huzihisi kabla jicho halijazisoma. Kutoka katikati ya kinundu hadi katikati ya kinundu kingine ni milimita 8, na kimo cha tofali la kawaida, ukiacha kinundu chenyewe, ni milimita 9.6. Tofali hili lenye mirija tumboni liliombewa hataza nchini Denmark tarehe 28 Januari 1958, na la mwaka ule bado linashikana na lililotoka kiwandani juzi. Hataza zile zimekwisha muda zamani. Mwaka 2010 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikakataa pia umbo la tofali lisajiliwe kuwa alama ya biashara, na leo kuna viwanda vingi vya China vinavyotengeneza vitofali vya kufanana navyo. Gorogoro langu lilikuwa na mchanganyiko wa vyote. Huko Ulaya nimeona watu wazima wakivitenga vile vya kuiga kana kwamba ni najisi. Mtaani Umoja, Nairobi, niliambiwa neno moja tu: “Ikishika, imeshika.”

Aliyeniambia hivyo ni kijana aliyekuwa makanga, sasa fundi wa simu, anayekaa Umoja Innercore, ghorofa ya nne, chumba kimoja. Innercore nyumba zimebanana hata mwanga wa mchana huingia kwa ruhusa ya jirani. Ndani mna kitanda, meko ya gesi, meza ya kutengenezea simu, na chini ya kitanda makopo: ya maziwa ya unga, ya mafuta ya kupikia, ya rangi iliyokwisha. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Kenya tangu 28 Agosti 2017, basi ule mtindo wa wakusanyaji wa Ulaya, wa kufungia kila aina kwenye kifuko chake cha plastiki, hapa hauna nafasi. Kopo linafaa zaidi, nami nakubaliana naye. Panya hatoboi kopo.

Nilitaraji atakuwa ametenga kwa rangi, kopo la vyekundu, kopo la bluu. Alicheka. Rangi, alisema, huionea mbali hata ikiwa imezama kwenye rundo. Kinachojificha ni umbo. Ukiweka vyeusi vyote kopo moja, utatafuta kipini cheusi hadi stima zipotee na usikipate. Kwa hiyo vipini viko na vipini, bapa na bapa, magurudumu peke yake, na rangi zimechanganyika ndani. Wakongwe wa mchezo huu huko ughaibuni nao huishia kwenye mpango huu huu baada ya miaka ya kutenga kwa rangi. Yeye hajawahi kuonana na mmoja wao.

Anachojenga ni matatu. Hana kijitabu cha maelekezo, kwa maana gunia la Gikomba haliji na kijitabu, wala halina vipande vya kukamilisha seti yoyote. Mtu wa hesabu atakuambia kwamba matofali sita tu ya vinundu vinane, yote ya rangi moja, yanaweza kuunganishwa kwa njia 915,103,765. Fundi wangu anataka njia moja tu, ile inayotoa nganya, matatu ya mapambo, ya njia ya 58 ya Buruburu, na taabu yake kubwa ni ule mstari wa njano ambao matatu zote zililazimika kuupaka mwaka 2004, enzi za waziri John Michuki. Njano ya Lego si njano ya China. Mstari wake ukitoka mbele kwenda nyuma hubadilika rangi mara tatu. “Hata ile ya barabarani iko hivyo, buda,” alisema, “imepakwa upya kila ikigongwa.” Vitofali vyeupe navyo, vile vilivyokaa kwenye madirisha ya watu miaka mingi, jua limevigeuza rangi ya krimu. Mkusanyaji wa Ulaya angevilowesha kwenye dawa ya hidrojeni peroksaidi virudi weupe. Huyu anavifanya taa za mbele za gari kuukuu, na ni taa hasa.

Lazima niseme ukweli: jirani yake wa ghorofa ya chini hutengeneza nganya za katoni, za kukata kwa wembe na gundi, zenye taa zinazowaka na spika ya simu ndani, na hizo ni nzuri kuliko za vitofali. Zina mikunjo ambayo tofali haliwezi. Lakini nganya haikai sana mjini kabla haijapitwa na mpya zaidi, na ya katoni ikipitwa ni ya kutupa. Ya vitofali hubomolewa. Fundi huipiga picha pande zote, huivunja jioni ile ile, na vipande hurudi makoponi. Nilipomwomba kuona mkusanyiko wake alinipa simu.

Nikakumbuka Billund, mji wa Denmark ambako Ole Kirk Kristiansen alianza kuchonga vichezeo vya mbao mwaka 1932. Jumba la Lego lililofunguliwa pale mwaka 2017, mchoro wa Bjarke Ingels, limejengwa mfano wa matofali makubwa meupe yaliyopandana. Kila nilichokiona mle kimekwisha, kimewekewa kioo na taa. Ni pazuri, sikatai. Ila huko mwisho wa kujenga ni rafu, na Innercore rafu haipo. Nadhani ndiyo maana kijana wa Umoja amejenga mara nyingi kuliko wengi wenye makabati ya kioo.

Kutoka Umoja hadi Buruburu si mbali, lakini nafasi ni nyingine. Buruburu ilianza kujengwa mwaka 1973, kwa awamu tano, nyumba za ghorofa moja juu zenye ua na lango. Wenyewe wamezidi kuziongezea vyumba, maduka na ghorofa hata ramani ya awali huioni tena mahali pengi. Mhasibu mmoja huko alinifungulia chumba cha nyuma ambamo ameweka masanduku ya Lego aliyoletewa na kaka yake wa Marekani, mengi yakiwa na alama ya 18+ ambayo kampuni ilianza kuiweka mwaka 2020 kuwaambia watu wazima wasione haya. Mengi hayajafunguliwa. “Nangoja nistaafu, ndugu yangu,” aliniambia. Nilikunywa chai yake kwa heshima. Chumba kile kina baridi nzuri na pazia zito, plastiki haitageuka rangi humo, na kwa uhifadhi hakuna atakayemshinda Eastlands nzima. Kujenga ni habari nyingine.

Vitofali vyangu mwenyewe navyo vilitaka sanduku, nami nililifuata Kamukunji, kwa wale mafundi wa jua kali ambao Rais Moi aliwatembelea mwaka 1985 akaahidi kuwajengea vibanda. Kelele za nyundo huzisikia kabla hujauona uwanja. Wanatengeneza mabafu, majiko, toroli, na masanduku ya bati ya watoto wanaokwenda shule za bweni. Nilimwomba fundi sanduku la shule, ila ndani aligawe vijumba vidogo vidogo. Aliniuliza ni vya misumari au vya shanga. Nilipomwonyesha kitofali alikipima kwa ncha ya kidole gumba, akachora mistari juu ya bati kwa msumari, akaanza kukata. Kila ukingo wa kijumba aliukunja mara mbili na kuugonga ulale, usikate kidole cha mtu anayechokora. Sehemu za kuhifadhia za plastiki zinazouzwa kwenye maduka ya Westlands hazina ukingo wa namna hiyo, na bei yake ni ya kukasirisha.

Tulibishana juu ya jambo moja. Fundi alitaka kupaka rangi nje tu, kama ilivyo desturi. Nikamweleza kwamba bati Nairobi huishi, lakini Mombasa upepo wa chumvi hulila kuanzia ndani, kwenye pembe, ambako rangi haikufika. “Basi ndani itakuwa bei yake,” akasema. Tukapatana, akaniambia nirudi rangi ikikauka, na nikipanda nalo gari moshi nisilikalie.