Nakivale: Wasiopiga Kura na Kura za Wengine

Msafiri atokaye Mbarara kwenda Nakivale hushika barabara ya lami iendayo Kikagati, mpakani mwa Tanzania. Mji anaouacha nyuma yake ulipewa hadhi ya jiji mwezi Julai 2020, na askari wengi wa Uganda wanaufahamu, ama kwa sababu ya kambi ya Makenke, ama kwa sababu ya vita vya 1972 na 1979 vilivyopita hapo. Mbele yake ni vilima vya Isingiro, migomba iliyopanda toka bondeni hata mabegani mwa vilima, na malori yaliyosheheni matoke yakielekea Kampala. Kisha lami huachwa, vumbi huanza, na nchi hufunguka ikawa ya malisho, makao ya ng'ombe wenye pembe ndefu. Hatimaye Ziwa Nakivale huonekana, na mbali kidogo na maji hayo, nyumba za udongo zilizoezekwa mabati au maturubai, kijiji baada ya kijiji.

Makazi haya yalianzishwa mwaka 1958 na kutambuliwa rasmi 1960. Hayakuzungushiwa seng'enge. Sheria ya Uganda humruhusu mkimbizi kulima, kufanya kazi na kutembea. Ndani ya kilomita za mraba zipatazo 185 wanaishi watu zaidi ya laki moja: Wakongo, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waeritrea, Waethiopia na wengineo. Sokoni, Mkongo auzaye vitenge na Msomali mwenye duka hupatana bei kwa Kiswahili, kila mmoja kwa lafudhi yake.

Mgeni akikaa kitako na kusikiliza mazungumzo ya watu hawa, huenda akashangaa. Hawana kura katika uchaguzi wa Uganda, na wengi wao hawana njia ya kupiga kura walikotoka. Hata hivyo, siasa za vyama na uchaguzi wanazijua kuliko watu wengi wenye vitambulisho vya kupigia kura. Sababu yake ni rahisi: kila mara kura za watu wengine ndizo zilizoamua wao walale wapi na wale nini.

KURA ZILIZOWAHAMISHA WATU

Wakazi wa kwanza walikuwa Wanyarwanda waliokimbia machafuko yaliyoanza kwao mwaka 1959, wakati vyama vya siasa vilipojengwa juu ya msingi wa ukabila. Wengi walidhani watarudi baada ya mavuno mawili matatu. Watoto wao walizaliwa na kukulia Uganda.

Tarehe 10 Desemba 1980 Uganda ilifanya uchaguzi mkuu. Chama cha UPC kilitangazwa kuwa mshindi, DP kikalalamika kwamba kimeibiwa, na chama kipya cha UPM, kilichoongozwa na Yoweri Museveni, kikapata kiti kimoja tu. Mwezi Februari 1981 Museveni na wenzake walishambulia Kabamba na vita vya msituni vikaanza. Miongoni mwa waliokuwa naye tangu mwanzo walikuwamo Fred Rwigyema na Paul Kagame, vijana waliokulia katika makambi ya wakimbizi.

Basi wenye asili ya Rwanda, pamoja na Wahima, wakatiliwa shaka kuwa ni wapinzani. Mwezi Oktoba 1982, katika wilaya ya Mbarara, viongozi wa mitaa na vijana wa chama tawala waliwafukuza watu majumbani mwao. Nyumba zilichomwa na ng'ombe wakachukuliwa. Makumi ya maelfu walivuka kuingia Rwanda. Makumi ya maelfu wengine walikimbilia makambi ya zamani, Nakivale ikiwa mojawapo. Wengine walikuwa raia halali wa Uganda, lakini siku ile hakuna aliyeuliza hati.

Matokeo yake yanajulikana. Vijana wengi waliofukuzwa walijiunga na jeshi la NRA, lililoingia Kampala mwezi Januari 1986. Na mwezi Oktoba 1990 baadhi yao wakavuka mpaka kuingia Rwanda wakiwa RPF. Ndivyo chuki ya uchaguzi mmoja ilivyogeuza historia ya nchi mbili.

KURA WANAZOPIGA WENYEWE

Leo sheria ya wakimbizi ya mwaka 2006 inamkataza mkimbizi kushiriki siasa za Uganda, za taifa au za mitaa. Lakini binadamu hawezi kuishi pamoja na wenzake bila uongozi. Kwa hiyo wakazi wa Nakivale huchagua Halmashauri za Ustawi wa Wakimbizi, zilizopangwa kwa ngazi tatu toka kijiji hadi makazi yote, kwa mfano wa halmashauri za mitaa za wananchi. Juu yao yuko mkuu wa makazi, ambaye ni mtumishi wa Ofisi ya Waziri Mkuu.

Halmashauri hizo hazina bendera ya chama. Kazi yake ni kusuluhisha ugomvi wa mpaka wa shamba, kupeleka malalamiko ya maji na chakula, na kumjulisha polisi palipotokea jinai. Askari wa kituo cha huko akifahamiana vyema na mwenyekiti wa kijiji, huwa amejipunguzia nusu ya kazi yake.

KURA YA MAREKANI

Uchaguzi unaongojwa Nakivale kwa hamu na hofu kuliko wote ni ule wa Marekani, ufanyikao Jumanne baada ya Jumatatu ya kwanza ya mwezi Novemba, kila baada ya miaka minne. Nchi ile ina vyama vikubwa viwili, Democratic na Republican, na tangu kati ya karne ya 19 Rais hutoka katika kimoja cha hivyo. Wala si wingi wa kura nchini kote umpao mtu urais, bali wajumbe 538 wa majimbo. Apataye 270 ameshinda. Mwaka 2016 Hillary Clinton alipata kura karibu milioni tatu zaidi ya Donald Trump, na bado akashindwa.

Jambo hili linamhusuje mlima mahindi wa Isingiro? Kwa sheria ya Marekani ya mwaka 1980, Rais ndiye atangazaye kila mwaka idadi ya juu ya wakimbizi watakaopokelewa, baada ya kushauriana na Bunge. Kwa mwaka wa fedha 2017, Barack Obama aliweka 110,000. Kwa mwaka 2020, Trump aliweka 18,000. Joe Biden alipandisha hadi 125,000, na katika mwaka wa fedha 2024 waliopokelewa walizidi 100,000, Wakongo wakiongoza. Tarehe 20 Januari 2025 Trump alirudi madarakani, na siku hiyo hiyo akatia saini amri ya kusimamisha mpango huo. Kwa mwaka wa fedha ulioanza Oktoba 2025, idadi ilishushwa hadi 7,500, na nafasi nyingi zikatengewa Makaburu wa Afrika Kusini.

Kabla ya kupanda ndege mkimbizi huhojiwa mara nyingi na kupimwa afya, kazi ya miaka. Baada ya amri ile, safari zilifutwa hata kwa watu waliokwisha kuuza kuku na vyombo vyao na kugawa mashamba yao kwa jirani.

Yafaa msomaji afahamu pia kwamba nyuma ya vyama vya Marekani yako makundi ya ushawishi, yaani jumuiya za watu wenye haja moja, ambazo hazigombei viti bali huwasukuma wabunge na kuchangia kampeni. Askari wa Uganda asikiapo NRA hukumbuka jeshi la ukombozi. Kwa Mmarekani, NRA ni chama cha wamiliki wa bunduki kilichoundwa 1871. Katika suala la wakimbizi, mashirika ya dini kama Church World Service na Maaskofu Wakatoliki yametetea mlango uwe wazi. Upande wa pili, makundi kama FAIR na NumbersUSA yanataka wahamiaji wapunguzwe.

Kura hiyo hufika mpaka jikoni. Marekani ilikuwa mfadhili mkubwa wa Shirika la Mpango wa Chakula Duniani. Fedha zilipopungua, mwaka 2025 shirika hilo liliwaondolea msaada wa chakula wakimbizi wapatao milioni moja nchini Uganda. Mama wa nyumbani ndiye aliyelazimika kupiga hesabu upya: posho mara moja kwa siku, au kijana aache shule akatafute kibarua Mbarara.

Hilo ndilo somo la Nakivale. Kura ni karatasi ndogo, lakini uzito wake humwangukia hata asiyeipiga. Mbarara ya 1982 yaonyesha iwapo mshindi atamfanya jirani yake adui, kitakachofuata. Askari alindaye kituo cha kura halindi sanduku peke yake. Amlinda pia yule ambaye kesho atalala katika nyumba yake, au njiani.