Nilimrekodi Bi Harusi Bila ya Kumwambia



Leo siandiki kuhusu mishono wala vitambaa. Naandika kuhusu kitufe kimoja tu cha simu, kile cha kurekodi skrini, na namna kilivyonitia katika haki ya mtu. Nimekaa na habari hii karibu mwaka mzima. Mwenyewe amenipa ruhusa niieleze bila ya kumtaja, kwa sharti nisijitetee. Nitajitahidi.

Mimi ni fundi wa nguo. Nilimaliza kidato cha nne, nikasoma kozi ya ushoni, nikaanza na charahani moja barazani kwa mama. Sasa nina duka hapa Unguja mjini na wasichana watatu wanaonisaidia. Kazi yetu kubwa ni nguo za bi harusi: gauni la nikahi, la kesha la wanawake, na la kutolewa ukumbini. Wateja wengine wako mbali, Pemba, Dar es Salaam na hata Maskati. Hao tunapimana kwa simu ya video. Mama au dada wa bi harusi anashika futi, mimi namwelekeza, ananisomea, naandika.

Kurekodi skrini nilifundishwa na msichana mmoja hapo dukani. Unavuta pazia la juu la simu, unabonyeza alama ya kurekodi, na kila kinachopita kwenye kioo kinahifadhiwa kama video. Kwenye iPhone kimo tangu 2017, na simu nyingi za Android za kuanzia 2020 zinacho bila ya kupakua programu yoyote. Kwangu kilikuwa neema. Nilirekodi maelezo ya kupima bega, kifua, kiuno na urefu wa mkono, nikawa nawatumia wateja wapya badala ya kueleza yale yale kila siku.

Hata hapo nilipata somo langu la kwanza, nikalichukulia mzaha. Kwenye video moja, katikati ya maelezo ya kiuno, uliingia ujumbe wa pesa za simu wenye salio langu: shilingi 3,200. Nilishaituma kwenye kundi zima la wateja. Tulicheka sana. Sikukaa nikafikiri kwamba rekodi haichagui cha kuchukua. Inachukua kila kitu, nilichokusudia na nisichokusudia.

Sasa kuhusu bi harusi wangu.

Alinipigia mwezi wa Shaaban kutoka Pemba. Harusi ilikuwa Mfungo Mosi, wiki ya pili baada ya Sikukuu. Alitaka gauni la kesha, jeupe, lesi mikononi na kiunoni. Tukapanga siku, wakajifungia chumbani yeye na mama yake, nami nikajifungia chumba cha nyuma cha duka ili asipite mtu. Alivaa shimizi ya kubana, kama nilivyomwagiza mwenyewe, maana gauni la kubana halipimwi juu ya dera. Kichwa kilikuwa wazi. Kabla hajavua baibui aliuliza, "Dada, uko peke yako?" Nikamwambia niko peke yangu, mlango nimefunga. Akageuka akautazama mlango wao pia, ndipo akavua.

Intaneti siku hiyo ilikuwa mbaya. Mama anasoma nambari, sauti inakatika, naandika 34, anasema 38, narudia, inakatika tena. Nikaona tutakesha. Nikavuta pazia la juu nikabonyeza kurekodi, nikijua kwamba picha ya futi ikionekana nitazisoma nambari baadaye kwa utulivu. Sikumwambia. Wala sikuamua kumficha, kwa ukweli wa Mungu. Halikunijia tu kwamba ni jambo la kuomba ruhusa. Na simu yake haikumwambia. Alama ya kurekodi niliiona mimi, yeye upande wa pili haoni chochote. WhatsApp haimjulishi mtu kwamba simu yake ya video inarekodiwa.

Usiku nilifungua ile video, nikasimamisha kila palipo na futi, nikaandika vipimo vyote kwenye daftari. Vilikuwa sahihi kabisa. Nikajiona hodari. Daftari nikalifunga, video nikaiacha mle mle kwenye simu.

Hapa lazima nieleze jambo jengine. Miaka ya nyuma simu yangu iliingia maji, nikapoteza picha zote za kazi zangu. Baada ya hapo niliiweka simu mpya ipeleke kila picha na kila video, mafolda yote, kwenye Google Photos. Na nilikuwa na tableti ya dukani niliyoifungua kwa akaunti hiyo hiyo. Tableti ilipopasuka kioo pembeni niliwapa watoto wa kaka yangu wasomee. Akaunti yangu sikuitoa.

Ramadhani, kumi la mwisho, tumeshafuturu kwa mama. Mtoto mkubwa wa kaka, miaka 16, akanifuata jikoni, macho chini. "Shangazi, ile tableti ina video ya mtu. Mwanamke anapimwa nguo. Nilikuwa natafuta picha niliyopiga ya maswali ya hesabu, ikafunguka. Nimeifunga." Akanyamaza kidogo, akaongeza, "Lakini na mwenzangu alikuwa pembeni."

Dada zangu, sufuria ya uji niliiweka chini, nikaona mikono yangu inatetemeka.

Nilimuuliza kila kitu. Walitumia mtu? Hapana. Mwenzake alipiga picha? Hapana, hakuwa na simu. Waliona kwa muda gani? Alinijibu kwa haya, nami namwamini, na hadi leo hakuna kilichosambaa. Lakini vijana wawili waliobaleghe walimuona mtoto wa watu kichwa wazi na shimizi, mtoto aliyeniuliza kama niko peke yangu nikamwambia ndiyo.

Usiku ule ule nilifuta. Nilifuta kwenye simu nikadhani imekwisha, kumbe ipo kwenye kapu la taka. Google Photos hukiweka ulichofuta hadi siku 60 kama kilishahifadhiwa huko, na iPhone hukiweka siku 30. Kwa hiyo nikamwaga na kapu, nikaitoa akaunti kwenye tableti, kisha nikapekua simu yangu yote. Nilikuta rekodi nyengine 11 za wateja wengine wakipimwa, ambazo nilishazisahau kabisa. Hizo vijana hawakuzifikia, alhamdulillah. Nazo nikazifuta.

Kisha likabaki swali lililoninyima usingizi: nimwambie au nisimwambie?

Nafsi ilikuwa na hoja nzuri sana. Harusi imekaribia, utamharibia furaha. Hakuna kilichosambaa. Mwenye kumsitiri Muislamu husitiriwa, basi sitiri. Nikazipeleka hoja zangu kwa ustadhati wangu wa madrasa. Alinisikiliza mpaka mwisho akaniuliza, "Hapo unayemsitiri ni yeye, au ni wewe?"

Akanikumbusha tuliyoyasoma. Suratun-Nisaa, aya ya 58, tunaamrishwa kuzifikisha amana kwa wenyewe. Na tumefundishwa kwamba mtu akizungumza nawe huku akigeuka kutazama pembeni, mazungumzo yale ni amana, hata kama hakutamka neno amana. Nikamkumbuka bi harusi alivyogeuka kuutazama mlango. Na toba, kosa likiwa baina yako na Mola wako, ni kuacha, kujuta na kuazimia kutorudia. Likiingia haki ya binadamu, linazidi sharti la nne, kumrudishia haki yake au kumtaka msamaha. Ustadhati hakunambia nenda wala usiende. Alisema wapo ambao kuwaambia kunazidisha madhara, na mimi ndiye ninayemjua mtu wangu. Nilimfikiria, nikaona huyu akija kusikia kwa mwengine, madhara yatakuwa makubwa zaidi.

Siku ya nne baada ya Sikukuu nilipanda boti na gauni langu ndani ya mfuko. Kwa kawaida nguo za Pemba nampa mtu anipelekee. Safari ile nilikwenda mwenyewe.

Alilijaribu kwanza. Lilimkaa kama ngozi, na kila mshono ulikuwa unanishtaki, maana nilijua vipimo vile nilivipataje. Alipovaa dera lake nikamwambia yeye na mama yake yote, toka kitufe mpaka tableti.

Alinyamaza kimya. Kisha akaniuliza, "Uso wangu ulionekana?" Nikamjibu ndiyo. "Wananijua?" Nikamwambia hapana. "Nimwambie mume wangu?" Hilo sikuwa na jibu lake, na nilimwambia hivyo. Mama yake alimshika mkono akamwambia hakuna alilokosa yeye.

Nilitaka kuwasamehe salio, shilingi 180,000. Mama alikwenda ndani akaniletea zote. "Kazi umefanya mwanangu, ujira wako chukua. Hilo jengine si la pesa." Nikarudi Unguja siku ya pili. Msamaha nilikuwa nimeuomba lakini sikuwa nimepewa, na nilijua sina haki ya kuudai.

Gauni alilivaa. Nilijua kwa sababu mwezi mmoja baadaye alinitumia ujumbe mfupi: amenisamehe kwa ajili ya Allah, lakini bado kila akipigiwa simu ya video anajifunika hata akiwa anazungumza na dada yake. Ujumbe huo ninao. Nausoma ninapojisahau.

Sasa niwaeleze tunavyofanya dukani siku hizi, huenda ikamfaa fundi mwenzangu, mpambaji, au bi harusi.

Hatumrekodi mteja anayepimwa. Intaneti ikiwa mbaya tunakata simu, mama anaandika nambari kwenye karatasi na kunitumia picha ya karatasi. Vipimo vyangu vinahitaji nambari tu, mwili wa mtu hauhitajiki hata kidogo. Ningefikiri hivi siku ile, nusu saa tu ingetosha.

Kurekodi tunarekodi maelezo yetu wenyewe, tukiwa tumeweka simu kwenye hali ya usinisumbue, ili ujumbe wa benki au nambari ya siri isiingie kwenye video. Na kabla ya kumtumia mtu, tunaitazama yote hadi mwisho.

Simu ya kazi ina akaunti yake, haijafunguliwa kwenye kifaa kingine chochote. Kabla ya kumpa mtoto, kuuza au kupeleka simu kwa fundi, tunatoa akaunti na kumwaga kapu la taka.

Na wewe bi harusi, usione haya kuuliza. Kabla hujavua ushungi mbele ya simu, muulize fundi, mpambaji, hata shoga yako: unarekodi? Siku ya kesha, jamaa walioko Oman au Uingereza wakiomba waonyeshwe ukumbi kwa video, kumbukeni kwamba mlinzi wa mlangoni anazuia simu zinazoingia, hana uwezo juu ya simu iliyoko upande wa pili. Kule mtu anaweza kurekodi ukumbi mzima wa wanawake waliovua mabaibui, na hapa hakuna atakayejua. Hata ile picha ya kutazama mara moja, ambayo WhatsApp huizuia isipigwe skrini, mtu anaweza kuipiga kwa simu ya pili. Wanaotaka kuona, wapigiwe bi harusi akiwa amejisitiri, wamuombee dua, inatosha.

Mwezi uliopita nilipokea simu kutoka Pemba. Alikuwa mdogo wake bi harusi wangu, naye anaolewa. Niliweka simu wima juu ya meza, daftari mbele yangu. Hakunisalimia hata vizuri, akaniuliza, "Dada, unarekodi?"

Nikamwambia sirekodi, na nikamuonyesha mikono yangu yote miwili, mmoja una kalamu. Akacheka kidogo. Kisha akamwita mama yake alete futi na karatasi.

Allah atusitiri, awasitiri mabinti zetu, na atusamehe tuliyowafanyia watu bila ya wao kujua. Aamin.