Jumapili moja kila mwezi: mwaka wetu wa matembezi Nakivale

Mwezi huu tumeombwa kusimulia jinsi tulivyoumaliza mwaka 2025, sisi majirani wa mstari mmoja tuliojiwekea desturi ya kutoka Jumapili moja kila mwezi, baada ya ibada, kwenda kuona mahali tusipopajua. Wengine mlituona njiani mkauliza, "Hawa nao wanaenda kujiandikisha wapi?" Hatukuwa tunajiandikisha popote. Tulikuwa tunatembea tu.

Nakivale si ndogo, jamani. Wakimbizi wapo hapa tangu mwisho wa miaka ya 1950, walipofika Wanyarwanda wa kwanza, na eneo lake ni kama kilometa za mraba 185. Kwenye karatasi si kambi, ni makazi, kwa sababu kila familia inapewa kipande cha ardhi na sheria ya Uganda ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kutembea na kufanya kazi. Sisi tunasema kambi tu, ulimi umeshazoea. Lakini mtu anaweza kukaa hapa miaka kumi akajua njia nne: ya bomba, ya shule, ya hospitali na ya mgao. Ndivyo tulivyokuwa karibu wote.

Sababu ya kuanza haikuwa matembezi yenyewe. Mstari wetu una mama mmoja wa watoto wanne, tutamwita Mama Jirani. (Tumemsomea maandiko haya, akasema tuandike, ila jina tuliache.) Familia yake ilikuwa imemaliza mahojiano yote, imepimwa afya, na tarehe ya ndege ilikuwa mwezi wa pili. Mnajua watu wanavyofanya tarehe ikitoka. Aliuza kitanda, baiskeli, mbuzi wawili na vyombo vyote vya jikoni, vingine akagawa bure. Halafu tarehe 20 Januari 2025 rais wa Marekani akatia sahihi amri ya kusimamisha upokeaji wa wakimbizi, na safari zikafutwa, za watu wengi si yake tu. Mama akabaki na mabegi yaliyofungwa katika nyumba tupu.

Sisi majirani tulimpa sahani na mkeka. Sufuria alikataa. Akasema, "Nikiweka sufuria ndani, ni kama nimesema siendi tena." Basi akawa anapikia kwenye sufuria zetu, leo kwa huyu, kesho kwa yule, kisha anafunga mlango. Siku moja bibi mmoja wa mstari wetu akatuambia wazi: "Huyu akikaa ndani mwezi mwingine atapotea. Tumutoe."

Tukamtoa. Mara ya kwanza, mwezi wa tatu, tulienda ziwani.

Aibu kusema, lakini kati yetu watu wazima tisa, watano walikuwa hawajawahi kufika kwenye ziwa ambalo maji yake wanayanywa kila siku. Ziwa Nakivale linapata maji kutoka Mto Rwizi, ule unaopita Mbarara mjini, na maji hayo ndiyo yanayosafishwa kwa dawa kabla ya kufika kwenye mabomba yetu mengi. Kando yake kuna mafunjo marefu kupita mtu, na asubuhi unaona korongo wenye taji, ndege yule aliye kwenye bendera ya Uganda, wanatembea polepole kama wazee wa kanisa. Wenzetu wa Fizi na Baraka walicheka sana. Waliozoea Tanganyika, ziwa lenye kina cha zaidi ya mita 1,400, wakasema hili ni beseni. Mvuvi mmoja akawasikia, akawaambia beseni hili lina viboko. Akatufundisha jambo ambalo kila mzazi wa huku alijue: kiboko hutoka majini jioni kwenda kula majani, na mtu asisimame kamwe kati yake na maji, kwa sababu akishtuka anarudi majini mbio na hapiti pembeni. Tangu siku hiyo watoto wetu hawatumwi kando ya ziwa baada ya saa kumi na moja jioni.

Mama Jirani hakusema neno safari nzima. Alikuja lakini.

Mwezi wa nne mvua, tulienda karibu tu. Mwezi wa tano tukaalikwa kwa Waethiopia, na hapo nitakaa kidogo, maana wengi wetu tunapita kwao kila siku tukidhani wanachoma ubani bure. Kahawa yao si kama chai yetu ya kumimina na kwenda. Mama mwenye nyumba anaosha buni mbichi mbele yenu, anaikaanga kwenye makaa, anapitisha moshi kwa kila mgeni aunuse, ndipo anaitwanga na kuichemsha kwenye chungu chenye shingo ndefu. Mnakunywa mara tatu kutoka buni ile ile: ya kwanza ni abol, kali; ya pili tona; ya tatu, nyepesi, wanaiita baraka. Neno lile lile letu! Ukiondoka kabla ya baraka umemkosea mwenye nyumba. Basi mkae saa mbili, mle na bisi za mahindi, mtake msitake mtaongea.

Na tuliongea. Baba mmoja wetu, mtu wa Kalehe, alishika kile kikombe kidogo akakitazama muda mrefu. Baba yake alilima kahawa kule karibu na Ziwa Kivu maisha yake yote, ikabebwa kwa mashua usiku na kuuzwa, na yeye mtoto wa mkulima hakuwahi kuonja hata mara moja. Nyumbani walikunywa chai. Ameionja ya kwanza akiwa na miaka hamsini na kitu, ukimbizini, kwa mama wa Ethiopia. Yule mama hakujua Kiswahili kingi, lakini alielewa, akamjazia tena.

Siku hizo chakula kilikuwa kimepungua tena. Mnakumbuka tangu Julai 2023 familia ziligawanywa kwa makundi, wengine asilimia 60 ya mgao, wengine 30, wengine hakuna. Mwaka 2025 majina mengi zaidi yakatoka kwenye orodha. Kuna watu walituambia, "Nyinyi mnatembea na njaa?" Ni swali la haki. Jibu letu lilikuwa kwamba kukaa nyumbani hakujaongeza kilo ya unga kwa mtu yeyote, na kwa kutembea tulipata mambo mawili ya kula. Huko upande wa Rubondo tulikutana na mzee Mnyankole aliyekuwa na shamba limelala, akatukodishia kwa malipo ya baada ya mavuno. Mahindi na maharagwe ya mvua za Septemba tulipanda pale familia tatu. La pili, yule mvuvi sasa anatuuzia kambale kwa bei ya rafiki. Salamu yao ni rahisi, jifunzeni: anasema "Agandi", unajibu "Ni marungi". Mlango unafunguka.

Sasa mchezo. Chini ya mti mmoja karibu na soko kuna wazee wanaocheza igisoro kila mchana. Mnyarwanda anaiita igisoro, Mganda anaiita omweso, na babu mmoja wetu aliyepitia Tanzania, kambi ya Nyarugusu, kabla ya kufika huku anaiita bao. Mashimo ni 32, kete ni 64, kwa wote. Basi babu akakaa kwa kujiamini na akapigwa vibaya. Kumbe kuna tofauti: katika bao la pwani unaanza na kete nyingi mkononi, unaziingiza moja moja, katika igisoro na omweso kete zote ziko kwenye mashimo tangu mwanzo. Babu alisema ameibiwa. Wakabishana sheria mpaka magharibi, Mrundi akiwa mwamuzi, na wiki iliyofuata wakaanza upya na ubishi ule ule. Naona ugomvi huo ni mzuri. Watu ambao nchi zao zimegombana kwa mambo makubwa, wanakaa kwenye benchi moja kugombania kete.

Mtoto wa pili wa Mama Jirani, mwenye miaka kumi na mmoja, alisimama nyuma ya wazee hao Jumapili mbili bila kusema kitu. Ya tatu akaomba kucheza. Mwezi wa saba alikuwa anamfunga babu. Kwa kuwa ubao hana, alichimba mashimo 32 uwanjani mbele ya mlango wao, akayasawazisha kwa udongo wa mfinyanzi na kukusanya mbegu. Mama alikasirika mwanzoni, kwa nini uwanja uchimbwe na sisi ni watu wa kuondoka. Lakini watoto wa mstari mzima wakajaa pale kila jioni, na mtu hawezi kufunga mlango watoto kumi na wawili wakiwa nje wanapiga kelele. Akawa anakaa nao.

Safari ya mbali ilikuwa moja tu, mwezi wa nane wakati wa kiangazi. Tulichanga kidogo kidogo tangu mwezi wa tano, tukapanda taksi hadi Mbarara, halafu nyingine ya barabara ya Masaka kama kilometa 12 hadi Biharwe. Kuna kituo cha utamaduni cha Igongo, na karibu yake mnara wa kukumbuka siku jua lilipozimika. Habari ni hii. Zamani jeshi la Bunyoro chini ya mfalme wao Olimi lilikuwa limeteka ng'ombe wengi sana. Walipofika Biharwe mchana ukawa usiku. Askari wakaingiwa na hofu wakakimbia, wakaacha mifugo yote, na wananchi wa pale wakaamka na ng'ombe waliokuwa kama wameanguka kutoka mbinguni. Wataalamu waliohesabu nyendo za jua na mwezi wanasema kupatwa huko kulikuwa tarehe 17 Aprili 1520, na kwa hiyo wanahistoria wanapata mahali pa kupimia miaka ya wafalme wa kale wa nchi hizi, ambao hawakuandika kalenda.

Tulisimama pale kimya kidogo. Wengi wetu ni watu wa Masisi, Rutshuru na milima ya Itombwe. Hakuna asiyejua ng'ombe kutekwa. Ndipo Mama Jirani, ambaye huwa haongei safarini, akasema: "Kumbe kuna siku walikimbia wao." Tulicheka mpaka kijana wa mlangoni akaja kuuliza kuna nini.

Wakati wa kurudi tulikuwa na saa moja sokoni Mbarara kabla ya taksi kujaa. Wengine walinunua sukari, mwingine betri za redio. Yeye alirudi na sufuria mbili, moja ndani ya nyingine, na mwiko. Hakuna aliyesema neno. Bibi yule wa mstari wetu alitaka kusema, tukamkanyaga mguu. Kwenye gari alizipakata mpaka Base Camp, na akasema mwenyewe, bila kuulizwa, kwamba ni za bei nafuu na zinaweza kuuzwa tena.

Mabegi bado yako pale, tuseme ukweli. Hajayafungua yote na hakuna anayemwambia ayafungue. Simu yake haizimwi usiku. Katika mstari wetu kuna watu wawili wanaofikiri anajidanganya, na kuna mimi ninayefikiri mtu anaweza kupanda maharagwe na bado akangoja simu, kwa sababu maharagwe yanakomaa kwa miezi mitatu na simu hatujui.

Septemba hadi Novemba tulikuwa shambani, matembezi yalikufa kwa matope, isipokuwa mara moja tulipofuata vijana wetu kwenda kucheza mpira na timu ya Wasomali. Tulifungwa mabao mengi, sitayataja, lakini chai yao ya maziwa yenye hiliki na mdalasini ilitufariji. Desemba tulirudi ziwani, safari hii watu wazima kumi na sita na watoto wasiohesabika. Tulibeba sombe, ugali na maharagwe yetu mapya, Mama wa Ethiopia akaja na chungu chake, mvuvi akaleta kambale. Vilipikwa palepale, sehemu katika sufuria mbili mnazozijua. Babu alibeba ubao wa kuazima, akafungwa tena na yule mtoto.

Mwaka huu tunaendelea. Jumapili ya kwanza ya mwezi wa pili tutapanda vilima vya upande wa Juru, kutoka kanisani saa sita kamili. Anayetaka kuja aje, wa taifa lolote. Kila mtu abebe maji yake, viatu viwe vya kufunga, na watoto chini ya miaka sita wabaki na bibi, amekubali. Wenye kujua njia fupi ya kurudi kabla ya giza watuambie mapema, ile tuliyoelekezwa mwaka jana ilitupitisha katika miiba.