Mkungu wa Ndizi

Mama hupiga simu kila Jumamosi jioni. Siku ile, baada ya shikamoo na marahaba, akauliza, "Tasnifu umeshakabidhi?"

Nikajibu, "Ndiyo, mama. Juzi."

Ukweli ni kwamba sura ya nne nilikuwa sijaianza. Madodoso yalikuwa kwenye boksi chini ya kitanda, na kwa wiki tatu nilikuwa nakwepa simu za msimamizi wangu.

Niliuona uongo mdogo tu, wa kumfanya mama alale vizuri. Sikujua kwamba ataamka alfajiri, akate mkungu wa ndizi shambani na kuubeba kichwani hadi kanisani, uwe sadaka ya shukrani. Alisimama mbele ya usharika akasema Mungu amemvusha mwanawe. Baada ya ibada mkungu ukanadiwa nje, kama ilivyo desturi yetu. Mzee mmoja, ambaye mwenyewe anaishi kwa kibarua, akaununua, kisha akamrudishia mama: "Mpelekee msomi wetu."

Yote haya alinisimulia mama jioni ile, akicheka. Mimi nilikaa kimya. Maneno yaliyotoka kinywani mwangu yalikuwa yamepita kinywani mwake hadi madhabahuni. Mama, ambaye hata chenji ikizidi huirudisha dukani, alikuwa ametoa ushuhuda wa uongo bila kujua.

Ndizi zilinifikia Jumatano kwa basi. Usiku ule nilisoma Matendo ya Mitume, sura ya 5, habari za Anania na Safira. Tangu shule ya Jumapili nilidhani waliponzwa na uchoyo. Kumbe Petro anamwambia Anania kwamba shamba lilikuwa lake, na hata baada ya kuliuza fedha zilikuwa mikononi mwake. Hakuna aliyemlazimisha kuzitoa zote. Alileta sehemu, akataka ihesabiwe kuwa zote.

Nami hakuna aliyenilazimisha. Kuchelewa hakukuwa dhambi. Mama angesikitika, angeniombea, tungeendelea. Nilitaka sifa ya kumaliza kabla sijamaliza.

Alhamisi nilimpigia nikamweleza. Alinyamaza mpaka nikadhani salio limekwisha. Kisha akauliza, "Sasa yule mzee nitamwambia nini?"

Mwisho wa mwezi nilisafiri, nikamwambia mzee mwenyewe, kofia mkononi. Alinisikiliza, akanisamehe, akanikaribisha chai. Usharika ulitangaziwa na mama. Alikataa nimsaidie; alisema aliyesimama mbele yao alikuwa yeye.

Sasa nimefika sura ya tano. Mama bado hupiga simu Jumamosi, naye huuliza nimeandika kurasa ngapi. Nikishamtajia, husema kwa upole, "Hebu nitumie picha, mwanangu."

Zamani hakuwahi kuomba picha. Napiga, namtumia.