Usimnyang'anye Mzee Gorogoro Lake

Msomaji mpenzi, hebu jiulize: ni nani katika ukoo wenu anayekumbuka deni la kila mtu, jina la kila mjukuu na mwaka ambao kila nyumba ilijengwa? Aghalabu si kijana mwenye simu mbili mfukoni. Ni mzee fulani, na mara nyingi ni mwanamke ambaye hakuketi darasani miaka mingi. Sasa jiulize la pili: mna mpango gani juu ya mzee huyo? Ikiwa mpango ni kumleta mjini aketi, apumzike na asishike kazi yoyote, basi nakusihi usome ukurasa huu kabla ya kumtumia nauli.

Nina shangazi, dada ya marehemu baba, ambaye kwa Kijaluo tunamwita waya. Umri wake ni miaka sabini na kitu, na anauza omena na njugu karanga sokoni Rodi Kopany, pale barabara ya kutoka Homa Bay kwenda Rongo inapoachana na ile ya Ndhiwa. Hana daftari. Siku moja asubuhi nilimwomba anitajie wadeni wake, nami nikawaandika. Walikuwa 17. Jioni nikamwomba tena, akawataja wale wale 17 na kiasi kile kile, ila mmoja ambaye mchana alikuwa amelipa nusu.

Nilipomchunguza niligundua kwamba waya hakumbuki namba tupu hata kidogo. Kila deni amelifunga kwa mtu na kwa tukio. Kuna mama aliyechukua magorogoro mawili siku ile mvua ilipovunja soko. Kuna yule aliyeolewa Kabuoch, ambaye mama mkwe wake alisoma na marehemu baba yangu. Miaka nayo huihesabu vivyo hivyo: huyu alizaliwa mwaka aliouawa Tom Mboya, yaani 1969, na yule aliozwa wakati wa mvua za El Nino za 1997. Mwanafunzi anayekariri tarehe za historia kama mtu amezaye kokoto angefaa kuketi na mama huyu nusu saa. Nilipomshauri aandike, alicheka. "Nyathina," aliniambia, "nikiandika, daftari ndilo litakalokumbuka. Mimi nitabaki na nini?"

Miaka michache iliyopita, binti yake alimleta Nairobi, akamweka katika nyumba iliyo orofa ya nne mtaani Umoja. Nia ilikuwa njema kabisa. Asubuhi watu walikwenda kazini na shuleni, naye akabaki na runinga. Hakuwa na mtu wa kusalimia njiani, wala safari ya sokoni, wala deni la kufuata. Baada ya miezi minne hivi alianza kuwaita wajukuu kwa majina yasiyo yao. Aliuliza swali moja mara tatu kabla ya chakula cha jioni kuiva. Jamaa wakatikisa vichwa, wakasema, "Ni uzee huo."

Bahati nzuri binti huyo hakuridhika na jibu hilo, akampeleka kliniki. Mhudumu alimkuta na shinikizo la damu lililokuwa juu sana, na masikio yote mawili yameziba kwa nta. Fikiria, msomaji! Mtu haambiwi amesahau jina ambalo hakulisikia. Alisafishwa masikio, akaandikiwa vidonge vya presha, kisha akadai kurudi kwake. Alirudi, na baada ya miezi kadhaa gorogoro lilikuwa mkononi na madeni yako kichwani kama zamani. Sidai kuwa soko la Rodi ndilo lililomponya. Huenda ni vidonge, huenda ni masikio, huenda ni upweke uliomwondoka. Kwa maoni yangu ni yote pamoja.

Wataalamu nao hawako mbali na hapo. Mwaka 2024, jopo la jarida la kitabibu la Lancet lilitaja mambo 14 yanayochangia ugonjwa wa kusahau wa uzeeni, likakadiria kwamba yakishughulikiwa, karibu asilimia 45 ya visa vingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa. Miongoni mwake ni shinikizo la damu, kisukari, kutosikia na kutoona vizuri, kukaa bila kuushughulisha mwili, sigara, pombe kupita kiasi, huzuni ya muda mrefu na kutengwa na watu. Yasome tena polepole uone ni mangapi yanayompata mzee aliyefungiwa orofani.

Kutembea pekee ni jambo kubwa. Mwaka 2011, watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya wazee 120. Nusu yao walitembea kwa mwendo wa haraka kiasi, dakika 40 mara tatu kwa wiki, kwa mwaka mzima. Sehemu ya ubongo inayohifadhi kumbukumbu, ambayo kwa kawaida hupungua kadiri mtu anavyozeeka, kwao ilikua kwa asilimia 2 hivi. Wenzao waliofanya mazoezi mepesi ya kunyoosha viungo tu, yao ilipungua.

Na zile chupa zinazochuuzwa ndani ya matatu, eti za kuuamsha ubongo? Majani ya mti uitwao ginkgo, ambayo husifiwa sana kwa kazi hiyo, yalijaribiwa kwa watu wazima zaidi ya 3,000 huko Marekani kwa miaka sita hivi. Majibu yalitoka mwaka 2008: hayakuuzuia ugonjwa wa kusahau. Fedha hizo mnunulie mzee viatu vizuri vya kutembelea, na zikibaki, samaki na mboga za osuga.

Wajaluo wa zamani walikuwa na siwindhe, nyumba ambamo watoto walilala kwa bibi mzee aliyeitwa pim, wakitegana vitendawili na kurudia hadithi hadi mtoto aweze kuisimulia mwenyewe. Sisi huyakumbuka hayo kama malezi ya watoto, lakini bibi yule naye alikuwa akiufanyisha ubongo wake kazi kila usiku. Wanaume walikuwa na ajua, mchezo wa kokoto na mashimo unaomlazimu mtu kuhesabu kabla mkono haujasogea. Nyumba ya mjini haishindwi kuwa na ubao wa ajua.

Hata hivyo tusijidanganye kwamba kijijini ugonjwa huu haupo. Uchunguzi uliofanywa katika vijiji vya wilaya ya Hai, Tanzania, na kuchapishwa mwaka 2013, ulikuta asilimia 6.4 ya watu wenye miaka 70 na zaidi wanao. Kusahau ulipoweka miwani si ugonjwa. Kusahau miwani ni ya kazi gani, kupotea kwenye njia uliyoipita miaka arobaini, au kushindwa kupika chakula ulichokipika maisha yote, hayo ni ya kupelekwa hospitalini, wala si ya kuchekwa au kufichwa.

Tena kwetu yana hatari nyingine. Mzee akipotea usiku na kukutwa katika boma la watu, wapo watakaomwita jajuok, mkimbiaji wa usiku, na kuokota mawe kabla ya kuuliza. Ukimkuta mzee wa namna hiyo langoni pako, msalimie kwa sauti anayoweza kuisikia, mpe kiti, muulize jina la baba yake na ukoo alikoolewa. Hayo ndiyo mambo ya kale ambayo huenda bado anayakumbuka, na kwa hayo utajua ni wapi pa kumsindikiza.