Neno Ajali na Tabia Zetu Barabarani

Miongoni mwa maneno tuliyoyapokea kutoka Kiarabu limo neno ajali. Asili yake ni muda uliowekwa, yaani saa ya mtu ya kufa. Katika Kiswahili neno hilo limeshuka barabarani, lakini halikuiacha kabisa maana yake ya kwanza. Twasema gari limepata ajali, kama mtu apatavyo homa; au gari limeacha njia, kana kwamba lilichoka kuifuata. Dereva hatajwi. Na juu ya hayo tunao msemo wetu: ajali haina kinga.

Mimi mkazi wa Babati ninayo sababu ya kulichunguza neno hili. Mji wetu, makao makuu ya Mkoa wa Manyara tangu mwaka 2002, uko njia panda: barabara za Arusha, Singida na Dodoma hukutana hapa. Barabara ya lami ya kutoka Dodoma hadi Babati, kilomita 251, ilizinduliwa Aprili 2018. Ni neema kubwa, wala simsikilizi mtu anayeilaumu lami. Lakini tuliipokea kwa tabia za wakati wa vumbi na mashimo, wakati ambapo ubovu wa njia ndio uliokuwa askari wetu. Mtoto hutumwa chumvi ng'ambo ya barabara giza likiingia. Kijana wa bodaboda hupakia abiria wawili au watatu, mtindo uitwao mishikaki, na kofia ngumu imening'inia kwenye kioo. Madereva nao huashiriana kwa taa kwamba askari yuko mbele, na jambo hilo huliita utu. Mwendo wa gari ukizidi mara mbili, umbali linaouhitaji kusimama baada ya breki kushikwa huzidi mara nne. Hesabu hiyo haina habari ya utu wa namna hiyo.

Nilihudhuria mazishi ya kijana aliyefariki akiwa abiria wa pikipiki. Msemaji alisema kuwa siku yake ilikuwa imefika, nasi tukaitikia. Wengi wetu tulijua kwamba pikipiki ile ilibeba watu watatu usiku, na taa yake ya mbele ilikuwa mbovu. Simlaumu msemaji. Mbele ya mama aliyefiwa, maneno ya faraja ndiyo adabu yetu, na sitaki tuipoteze. Ninalolipinga ni kuyatoa maneno hayo makaburini na kuyapeleka kijiweni, yakawe kinga ya mwenye pikipiki kesho yake. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 humtaja anayeendesha kwa hatari, na humwita ajibu.

Iko pia heshima tunayoiweka mahali pasipo pake, nayo ni ya abiria kumnyamazia dereva. Katika basi lililotoka Kondoa, bibi mmoja aliinuka akasema, "Mwanangu, punguza mwendo, humu mna watoto."

Utingo akamjibu, "Tulia, bibi, dereva anaijua kazi yake."

"Najua anaijua," akasema bibi. "Namwomba aifanye."

Baadhi yetu tulicheka, kisha mwanamume mmoja akamuunga mkono, na wengine wakafuata. Dereva hakujibu neno, ila mwendo ulipungua. Tulipofika Bonga, abiria wa kiti cha nyuma alikuwa akinung'unika kwamba bibi yule amemchelewesha mnadani.